Sarafu za kidijitali (2): Programu iandae, kifaa kisaini

Mwanzoni mwa Agosti 2022, maelfu ya watumiaji wa mtandao wa Solana walikuta pochi zao zimekombwa. Hawakuwa wamefungua kiungo cha ajabu wala kumtajia mtu nywila. Uchunguzi ulipofanyika, macho yaligeukia programu ya simu iitwayo Slope, iliyokuwa ikituma maneno ya siri ya wateja wake, yale yanayoweza kuirudisha pochi kwenye kifaa chochote, yakisomeka waziwazi, hadi kwenye seva ya kukusanyia taarifa za hitilafu. Waliotumia programu hiyohiyo huku ufunguo wao ukikaa kwenye kifaa cha pembeni hawakupoteza kitu.

Sehemu ya kwanza ya makala hii ilieleza kwamba sarafu yenyewe haikai ndani ya simu. Iko kwenye daftari la pamoja la mtandao, na pochi hutunza ufunguo wa siri unaotia saini kila muamala. MetaMask, pochi iliyoanza mwaka 2016, huuweka ufunguo huo ndani ya kivinjari na kuufunga kwa nywila. Ni rahisi kutumia. Tatizo ni kwamba kompyuta hiyohiyo ndiyo inayopakulia filamu za bure na kufungulia barua pepe za watu wasiojulikana, na kirusi kimoja kikipenya kinaweza kuufikia ufunguo mwenyewe akiwa amelala.

Jibu la kwanza kuuzwa kwa watu wa kawaida lilitoka Prague mwaka 2014, wakati kampuni ya SatoshiLabs ilipotoa Trezor, kijidude chenye skrini ndogo na vitufe viwili. Mwaka huohuo Ledger ilianzishwa Ufaransa. Leo vifaa vya namna hii ni vingi, na vya bei ya chini hupatikana kwa pungufu ya dola 100.

Kazi inagawanywa hivi. Programu kwenye kompyuta inaandaa muamala: nani alipwe, kiasi gani, kwenye mtandao upi. Inaupeleka ukiwa haujasainiwa, kwa waya wa USB, Bluetooth au kwa kupiga picha msimbo wa QR. Kifaa kinauonyesha kwenye skrini yake, mwenye mali anasoma, anabonyeza kukubali, na saini inatengenezwa humohumo ndani. Kinachorudi kwenye kompyuta ni saini peke yake. Ufunguo hautoki.

Kuviunganisha viwili hivyo si kazi ngumu. Kwenye MetaMask mtumiaji anaenda sehemu ya kuongeza akaunti, anachagua aina ya kifaa chake, anakiunganisha na kukifungua kwa namba ya siri. Kama ni Ledger, anafungua pia programu ya Ethereum ndani ya kifaa. Orodha ya anwani inatokea, naye anachagua anayoitaka.

Hapo wengi hujikwaa. Wapo wanaodhani kwamba kifaa kikishaunganishwa, fedha zilizokuwemo kwenye MetaMask zimeshalindwa. Hazijalindwa. Akaunti ya zamani inabaki na ufunguo wake uleule ndani ya kivinjari, na mwenyewe hana budi kuzituma fedha kwenye anwani mpya ya kifaa, kwanza kiasi kidogo cha majaribio, kisha kilichobaki. Kosa la pili ni baya zaidi: kuyachapa maneno 24 ya siri ya kifaa, ambayo ufunguo hutokana nayo, ndani ya programu ya simu au kompyuta ili "kuunganisha haraka". Anayefanya hivyo ameutoa ufunguo nje kwa mkono wake, na kifaa alichonunua hakina tena la kulinda.

Maneno hayo huchukuliwa kutoka orodha ya maneno 2,048 iliyopendekezwa mwaka 2013. Zipo orodha za Kijapani, Kihispania, Kifaransa na lugha nyingine kadhaa, ila Kiswahili hakimo, na vifaa vingi hutumia ya Kiingereza. Afadhali kidogo: herufi nne za mwanzo zinatosha kulitambua neno lolote katika orodha hiyo ya Kiingereza, hivyo tahajia ikiteleza mwishoni mwa neno mali haipotei.

Je, kifaa kinatosha? Kisa cha Bybit kinasema hapana. Tarehe 21 Februari 2025, soko hilo la sarafu lenye makao Dubai lilipoteza zaidi ya etha (sarafu ya mtandao wa Ethereum) 400,000, thamani yake ikikaribia dola bilioni 1.5. FBI ya Marekani iliitaja Korea Kaskazini. Fedha hizo zilihitaji saini za watu kadhaa, nao walikuwa na vifaa mkononi. Wadukuzi hawakuvigusa. Waliuchezea ukurasa wa Safe, programu iliyotumika kuandaa miamala, ukawa unawaonyesha watia saini uhamisho wa kawaida huku ukivipelekea vifaa amri nyingine kabisa. Kwenye skrini ndogo hapakuwa na sentensi ya kueleweka, wakabonyeza kukubali.

Kifaa, kwa hiyo, hulinda ufunguo, hakimlindi mtu asiyesoma. Skrini ya kompyuta inaweza kudanganya. Ya kifaa ni vigumu zaidi kuidanganya, na ndiyo ya kulinganishwa na anwani ya mpokeaji, herufi kwa herufi. Muamala ukionyesha msimbo usioeleweka, usisainiwe hata kama aliyeuleta ni rafiki.

Kifaa chenyewe kinunuliwe kwa mtengenezaji au wakala wake anayetambulika. Mwaka 2020 orodha ya wateja wa Ledger ilivuja, ikiwa na majina, anwani na namba za simu za watu takriban 272,000. Mwaka uliofuata baadhi yao walipokea kwa posta vifaa bandia, vimefungashwa vizuri, pamoja na barua ya kuwataka wahamie humo kwa usalama wao. Kifaa kinachofika na maneno 24 yaliyokwisha kuandikwa kirudishwe bila kuwekewa hata senti.

Sehemu ya tatu itaeleza namna ya kuyahifadhi maneno hayo nyumbani, na jinsi familia inavyoweza kuyafikia mwenye mali akifariki.