Fahamu: Kuujenga upya mji ulioungua, bila kumwacha mtu nje

Maana yake nini?
Ni kuujenga mji ulioteketezwa na moto wa nyika ili nyumba zihimili moto ujao, na wakazi wa awali, wakiwemo wapangaji, waweze kurudi.

Mfano: Lahaina
Agosti 8, 2023, moto uliteketeza sehemu kubwa ya Lahaina, kisiwani Maui, Hawaii. Watu 102 walifariki na zaidi ya majengo 2,000 yaliharibiwa.

Kwa nini ni suala la haki?
Bima isipotosha, mwenye kiwanja hushawishika kuuza kwa bei ya kutupa. Mpangaji hana hata cha kuuza. Ndiyo maana wakazi wa Lahaina walianzisha mfuko wa ardhi wa jamii, unaonunua viwanja ili vibaki mikononi mwa wenyeji.

Nyumba hujengwaje?
Katika moto wa nyika, nyumba nyingi huwashwa na cheche zinazopeperushwa na upepo. Kwa hiyo, matundu ya hewa ya dari hufunikwa kwa wavu wa chuma wenye vitundu vidogo, paa huezekwa kwa vifaa visivyoshika moto, na mita 1.5 kuzunguka kuta huachwa bila vichaka wala uzio wa mbao.

Ugumu uko wapi?
Usalama huongeza gharama, na ucheleweshaji huwaondoa wasio na akiba. Bila ruzuku na makazi ya muda, hurudi wenye uwezo tu.