Mtoto amechagua Historia, atafanya kazi gani?

Mtoto anaposema anataka kusoma Historia chuo kikuu, wazazi wengi huuliza: “Utaajiriwa wapi?” Ni swali la haki, maana ada hupatikana kwa jasho.

Jibu linaanzia kwenye kazi wanazopewa wanafunzi hao. Mwaka 1968 na 1969, wanafunzi wa historia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwahoji wazee kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Walioishuhudia vita hiyo walikuwa wameshazeeka. Bila daftari za vijana hao, mengi yangezikwa pamoja nao. Hadi leo wanahistoria huzitumia kumbukumbu hizo.

Kumhoji mtu, kupima ushahidi na kuandika ripoti inayoeleweka ni ujuzi unaotakiwa kwenye nyaraka za taifa, makumbusho, vyombo vya habari, utalii, utafiti na diplomasia.

Hata hivyo, cheti peke yake hakitoshi. Anayetaka kufundisha sekondari ahakikishe shahada yake ina masomo ya ualimu. Anayependa makumbusho au nyaraka aombe nafasi ya mafunzo kwa vitendo mapema, asisubiri mwaka wa mwisho. Kompyuta na lugha ya kigeni humwongezea nafasi.

Mzazi naye ana sehemu yake. Kabla ya kumkatisha tamaa mwanawe, amuulize anataka kutafiti nini. Kisha ampeleke kwa bibi au babu akajifunze kuuliza na kusikiliza, wazee wakiwa bado wapo.