Bega Lisiloinuka Ingawa Eksirei Haionyeshi Kasoro

"Hakuna mfupa uliovunjika." Kauli hiyo humfariji mtu aliyeanguka na pikipiki, aliyeporomoka kutoka mwembeni au aliyeteleza kwenye ngazi. Hupewa dawa ya maumivu, akafungwa mkono kwa kitambaa, akarudi nyumbani. Wiki tatu zikipita naye bado hawezi kuteremsha sufuria kutoka kwenye rafu, swali lake huwa halijajibiwa. Eksirei huonyesha mifupa. Kano, zile kamba ngumu zinazoushikiza msuli kwenye mfupa, hazionekani humo.

Mfupa bapa wa bega, ambao wataalamu huuita skapula, una umbo la pembetatu na umelala mgongoni juu ya mbavu, takriban kutoka ubavu wa pili hadi wa saba. Njia yake pekee ya kuunganika na kiwiliwili mfupa kwa mfupa ni mtulinga. Kwingineko kote umeshikwa na misuli tu, nayo inayojishikiza juu yake hufikia 17. Ndiyo maana unaweza kuteleza na kuzunguka: mkono unapopandishwa hadi juu ya kichwa, karibu theluthi moja ya mwendo huo hutokana na skapula yenyewe, na theluthi mbili hutoka katika kiungo cha bega.

Kiungo hicho ni cha ajabu kidogo. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na kikombe cha skapula kinachokipokea ni kidogo na kina kina kifupi, mfano wa chungwa lililotuliwa juu ya kisahani. Kinachozuia chungwa lisidondoke ni, zaidi ya yote, misuli minne inayoanzia kwenye skapula. Kano zake huungana na kukizunguka kichwa cha mfupa kama kilemba. Ile ya juu, ya msuli uitwao supraspinatasi, hupita katika nafasi finyu chini ya akromioni, yaani ncha ya mfupa tunayoigusa juu ya bega. Hiyo ndiyo huchanika mara nyingi kuliko nyingine. Daktari Ernest Amory Codman wa Boston, Marekani, aliishona kano ya aina hiyo mwaka 1909, akaandika habari zake mwaka 1911. Kwa hiyo jeraha hili si geni katika tiba, ila ni jepesi kupuuzwa.

Kulitambua hakuhitaji mtambo. Mwambie mgonjwa ainue mkono kwa nguvu zake mwenyewe, kisha uuinue wewe taratibu huku yeye akiulegeza. Ikiwa yeye hawezi lakini kwako unapanda vizuri, shuku kano iliyochanika au neva iliyoumia. Gusa ngozi ya upande wa nje wa bega: ganzi mahali hapo huashiria neva. Mkono ukikwama pande zote mbili, kwake na kwako, na eksirei haina kasoro, fikiria bega lililoganda, hali inayowapata sana wenye kisukari. Mgonjwa aliyevuka miaka 40 ambaye bega lake limechomoka na kurudishwa apimwe tena baada ya siku kadhaa, kwa kuwa katika umri huo kano huchanika mara kwa mara pamoja na kuchomoka kwenyewe. Ultrasaundi, ikiwa mikononi mwa mpimaji mzoefu, huweza kuthibitisha.

Haraka ni ya nini? Msuli uliopoteza kano yake hujikunja, hunyauka, na nyama yake huingiwa na mafuta. Mafuta hayo hayaelekei kuondoka hata kano ikishonwa baadaye. Fundi ujenzi wa miaka 45 aliyepoteza nguvu za bega siku ileile aliyoanguka anastahili kumwona daktari bingwa wa mifupa katika wiki chache, si baada ya mwaka wa kuchuliwa na kuchomwa sindano za kutuliza. Habari ni tofauti kwa bibi wa miaka 70 ambaye kano yake imelika polepole. Wengi wa umri wake wana kano zilizochanika bila hata maumivu, na mazoezi yanayosimamiwa vema huwatosha.

Skapula yenyewe ikivunjika, mambo hugeuka. Kuvunjika huko ni nadra, chini ya mmoja katika kila mivunjiko 100 ya mifupa, kwa sababu mfupa huu umefunikwa na misuli minene. Misuli hiyohiyo huulisha damu nyingi, hivyo sehemu yake bapa kwa kawaida huunga bila upasuaji. Mvunjiko unaoingia kwenye kikombe cha kiungo huenda ukahitaji kisu. Hata hivyo, nguvu iliyoweza kuuvunja haikuishia hapo. Kabla ya kuhangaikia bega, mhudumu ahesabu pumzi, asikilize mapafu, achunguze mbavu, shingo na mshipa wa damu kwenye kifundo cha mkono. Hewa iliyonaswa kifuani huua mapema kuliko mfupa.

Mgonjwa aliyefungwa kitambaa naye asikae kama sanamu. Vidole, kifundo na kiwiko avichezeshe tangu siku ya kwanza. Daktari akisharuhusu, ainame mbele akiegemea meza kwa mkono mzima, aache ule ulioumia uning'inie na kuyumba kwa duara ndogo, mara chache kwa siku. Akihisi ganzi mpya vidoleni, kukosa pumzi, au maumivu ya bega yanayoambatana na kubanwa kifua, arudi hospitalini siku hiyohiyo.