Wamarekani na Mgogoro wa Israeli na Palestina
Tangu Rais Harry Truman alipoitambua Israeli tarehe 14 Mei 1948, dakika chache tu baada ya taifa hilo kuanza kuwapo rasmi, Marekani imebadilika na kuwa mfadhili wake mkuu, na makubaliano ya 2016 yaliahidi msaada wa kijeshi wa dola bilioni 38 kwa miaka 10. Msimamo huo hautokani na Wayahudi wa Marekani pekee, dhana nyepesi inayorudiwa mno, bali pia na Wakristo wa kiinjili, yaani Waprotestanti ambao wengi wao huiona Israeli kuwa utimizo wa unabii wa Biblia. Hata hivyo, kura ya maoni ya Gallup ya 2023 ilionyesha, kwa mara ya kwanza, wafuasi wa chama cha Democratic wakiwaunga mkono Wapalestina zaidi ya Waisraeli.