Ruzuku ya magari ya umeme: serikali hununua nini, na hulipa lini

Mwaka 2012, katika kiwanda kipya cha betri mjini Holland, jimbo la Michigan, Marekani, wafanyakazi walikuwa wakipokea mshahara huku wakitazama filamu na kucheza karata. Wengine walikwenda kujitolea katika vituo vya kutunza wanyama saa za kazi. Haukuwa uvivu wao. Kazi yenyewe haikuwepo. Wizara ya Nishati ilikuwa imeipa kampuni ya LG Chem ruzuku ya dola milioni 151 ijenge kiwanda cha seli za betri za gari la Chevrolet Volt. Rais Barack Obama alihudhuria uzinduzi wa ujenzi Julai 2010, majengo yakasimama, mashine zikafungwa. Kisha Volt ikauzika chini ya matarajio, na seli zilizohitajika zikaendelea kuletwa kutoka Korea Kusini. Mkaguzi mkuu wa wizara alipotoa ripoti Februari 2013, kampuni ilirudisha takriban dola 842,000 za mishahara ile. Fedha nyingine zilibaki kwenye kuta na mitambo.

Wanaopinga ruzuku ya aina yoyote hupenda kukitaja kisa hiki. Mimi nakiona kwa jicho jingine. Ruzuku ilitolewa ili kiwanda kijengwe, na kiwanda kilijengwa. Serikali ilipata hasa kile ilichokinunua; kosa lilikuwa katika kununua jengo ilhali ilichokitaka ni betri. Kila inapotangazwa misaada ya serikali kwa viwanda vinavyohamia magari ya umeme, mjadala huwa ni kiasi: mabilioni mangapi, na amepewa nani. Kiasi ni nusu ya habari. Nusu iliyobaki ni tendo gani hasa linalofungua mfuko wa Hazina, na serikali inabaki imeshika nini mambo yakiharibika.

Lakini kwanza, kwa nini kampuni kubwa kama General Motors iombe msaada wa mlipakodi? Kiwanda cha injini ni mali iliyokwisha kulipiwa zamani. Kukigeuza kiwe cha mota za umeme ni kung'oa mitambo ambayo bado inaingiza fedha, kufunga milango kwa miezi kadhaa, kuwafundisha wafanyakazi upya, kisha kufungua na bidhaa ambayo miaka ya mwanzo huuzwa kwa hasara. Betri ndiyo sehemu ya gari la umeme iliyo ghali kuliko zote, na China imetangulia mbali katika kuitengeneza. Mwenye hisa hana haraka ya kuingia humo. Serikali inayotaka aingie mapema haina budi kubeba sehemu ya hasara hiyo.

Njia mojawapo ya kuibeba ni mkopo. Sheria ya nishati iliyosainiwa na Rais George W. Bush mwaka 2007 iliweka msingi wa kukopesha hadi dola bilioni 25 kwa viwanda vya magari yanayotumia mafuta kidogo au yasiyotumia kabisa. Ford ilichukua dola bilioni 5.9. Nissan ilichukua takriban bilioni 1.4 kwa ajili ya gari la Leaf na betri zake huko Smyrna, Tennessee. Waliobaki midomoni mwa watu, hata hivyo, ni wadogo wawili.

Tesla ilisaini mkopo wa dola milioni 465 Januari 2010, wakati ikiwa haijawahi kutengeneza gari kwa wingi. Fedha hizo ziligharimia Model S na kiwanda cha Fremont, California, ambacho zamani kiliendeshwa na General Motors na Toyota kwa ubia. Mei 2013 Tesla ikalipa deni lote, miaka tisa kabla ya muda. Fisker nayo ilikubaliwa dola milioni 529, sehemu kubwa ikiwa ya kufufua kiwanda cha zamani cha General Motors huko Wilmington, Delaware. Gari lake la kwanza, Karma, liliunganishwa Finland na likachelewa. Juni 2011, baada ya kutoa takriban dola milioni 192, wizara ikafunga bomba kwa sababu kampuni ilikuwa haijafikia hatua zilizoandikwa kwenye mkataba. Novemba 2013 Fisker ikafilisika na Hazina ikapoteza milioni 139. Wilmington halikutoka gari hata moja.

Wanasiasa walifanya kila mmoja wa hawa kuwa bendera ya upande wake. Kwangu, visa hivi viwili vina mambo mawili yasiyotajwa sana. La kwanza ni lile bomba kufungwa. Mkopo ulitolewa kwa awamu, kila awamu na sharti lake, na ndiyo maana zaidi ya nusu ya milioni 529 haikuwahi kutoka. Kushindwa kwa Fisker kulikuwa kubaya, lakini mkataba ulifanya kazi yake.

La pili linaiuma zaidi serikali. Katika mkataba na Tesla, wizara ilishika hati za kununua hisa takriban milioni tatu kwa bei ya dola 7 na senti 54, ambazo zingeanza kutumika mwishoni mwa 2018 iwapo deni lingekuwa bado. Tesla ilipolipa mapema, hati zikafa. Siku ya malipo hisa moja ilikuwa zaidi ya dola 80, na kufikia mwisho wa 2018 ilikuwa zaidi ya dola 300. Piga hesabu mwenyewe: thamani ya hati hizo ingelipa hasara ya Fisker mara kadhaa na chenji ikabaki. Lengo la hati lilikuwa kuisukuma kampuni ilipe haraka, na lengo lilitimia. Lakini mkopeshaji anayekubali hasara yote ya aliyeanguka na kuambulia riba tu kwa aliyepaa amejiwekea hesabu ngumu. Benki ya biashara isingesaini hivyo kwa kampuni changa.

Mkondo wa ruzuku haukukauka baada ya aibu ya Holland. Julai 2024 wizara hiyohiyo ilitangaza dola bilioni 1.7 za kugeuza viwanda 11 vilivyofungwa au vilivyo hatarini kufungwa katika majimbo nane. General Motors ilipangiwa milioni 500 kwa kiwanda chake cha Lansing, Michigan. Stellantis ilipangiwa karibu milioni 335 kwa Belvidere, Illinois, na milioni 250 kwa kiwanda cha gia huko Kokomo, Indiana. Blue Bird ilipangiwa milioni 80 ili itengeneze mabasi ya shule ya umeme huko Fort Valley, Georgia, na Harley-Davidson milioni 89 huko York, Pennsylvania. (Michigan, Georgia na Pennsylvania zilikuwa na uchaguzi mkali miezi minne baadaye. Msomaji atalipima hilo mwenyewe.)

Kutangazwa si kulipwa. Waliotajwa walikuwa wamechaguliwa tu kuanza mazungumzo ya mkataba, na kila kampuni ilitakiwa kuweka angalau nusu ya gharama kutoka mfukoni mwake. Kisha siasa ikageuka: Januari 20, 2025, siku aliyoapishwa, Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha utoaji wa fedha za sheria iliyozaa mpango huo. Belvidere ni mfano mzuri wa kinachofuata. Stellantis ilikisimamisha kiwanda hicho Februari 2023, na mgomo wa chama cha wafanyakazi wa magari mwaka huohuo ukaibana kampuni iahidi kukifungua. Oktoba 2025 ilitangaza itaweka zaidi ya dola milioni 600 ili kifunguliwe 2027, kitengeneze Jeep Cherokee na Jeep Compass. Ajira zitarudi Belvidere, ila si kwa kazi ya magari ya umeme iliyotangazwa Julai 2024.

Sasa tuje kwenye chombo ambacho kwa maoni yangu kimeundwa vizuri kuliko vyote, ingawa ndicho kinachoeleweka kidogo zaidi na umma. Sheria ya Agosti 2022, ileile iliyozaa mpango wa Julai 2024 na iliyopewa jina la kupunguza mfumuko wa bei, iliweka punguzo la kodi kwa kila kilichotengenezwa na kuuzwa: dola 35 kwa kila kilowati-saa ya seli ya betri, na dola 10 nyingine kwa kila kilowati-saa ya seli zinapounganishwa kuwa moduli. Betri ya gari yenye kilowati-saa 75 inampatia mtengenezaji dola 3,375. Kampuni ambayo bado haina faida ya kukatwa kodi inaweza kuiuzia kampuni nyingine punguzo hilo kwa fedha taslimu. Ukiwa umewahi kujenga nyumba, unaijua tofauti ya kumkabidhi fundi fedha zote siku ya kuchimba msingi na kumlipa kwa kila kozi ya matofali anayoisimamisha. Kwa mpango huu, kiwanda kisichotoa seli hakipati hata senti, na hakuna anayeweza kulipwa kwa kutazama filamu.

Chombo hiki kina kasoro zake. Hakimsaidii asiye na mtaji wa kuanzia, kwa kuwa malipo yanakuja baada ya bidhaa. Ndiyo maana wanaokitumia hukichanganya na mikopo, kama ile ya dola bilioni 9.63 waliyopewa Ford na mshirika wake wa Korea Desemba 2024 kwa viwanda vya betri vya Kentucky na Tennessee. Tena hakina kikomo: kadiri viwanda vinavyozalisha zaidi, ndivyo Hazina inavyolipa zaidi, hadi punguzo lianze kushushwa mwaka 2030.

Na kuna jambo ambalo waandishi wa sheria huenda hawakulipa uzito. Punguzo linalipa seli. Halijali seli inakwenda wapi. Kwa upande wa mnunuzi kulikuwa na nafuu ya hadi dola 7,500 kwa gari jipya la umeme. Bunge liliifuta kwa magari yanayonunuliwa baada ya Septemba 30, 2025, na watengenezaji wakaanza kuhesabu majeraha: General Motors ilitangaza hasara ya dola bilioni 1.6 Oktoba hiyo, na Desemba Ford ikatangaza gharama za dola bilioni 19.5 na kusitisha pikapu ya umeme ya F-150 Lightning. Lakini punguzo la seli lilibaki, likiongezewa masharti dhidi ya kampuni zenye mkono wa China. Basi mistari ya betri ikageuzwa, ikaanza kutengeneza seli za maghala ya umeme, yale makontena yanayohifadhi nishati ya jua na upepo kwa ajili ya gridi. Kimoja cha viwanda vilivyoanza kazi hiyo mwaka 2025 ni kile cha Holland, kikubwa sasa mara nyingi kuliko siku za karata. Sitasema ruzuku ya 2010 ilikuwa ya busara kwa sababu hiyo. Ila tathmini iliyofanywa 2013 na itakayofanywa leo hazitatoa jibu moja.

Fedha hizi zimevuka bahari. Anodi ya betri nyingi za magari hutengenezwa kwa madini ya kinywe. Julai 2022 mpango uleule ulioikopesha Tesla uliikopesha kampuni ya Australia, Syrah, dola milioni 102 kwa kiwanda cha anodi huko Vidalia, Louisiana. Kinywe chake kinachimbwa Balama, Cabo Delgado, nchini Msumbiji, kusini mwa mto Ruvuma, na mgodi huo nao ukapata mkopo wa dola milioni 150 kutoka shirika jingine la serikali ya Marekani. Wakulima waliodai haki ya ardhi yao walizuia shughuli za mgodi, machafuko ya baada ya uchaguzi wa nchi hiyo yakaongezea, na Desemba 2024 Syrah ikatangaza kwamba haiwezi kutimiza mikataba yake kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake. Masharti ya mikopo yote miwili yakavunjwa papo hapo. Mkopeshaji wa Washington alikuwa amepima hatari za soko la magari. Kumbe mashamba ya Balama nayo yalikuwa kwenye hesabu hiyohiyo. Wanaofuatilia miradi ya kinywe ya Mahenge na Epanko, wilayani Ulanga, Tanzania, wana sababu ya kuisoma mikataba ya Vidalia kwa makini.

Serikali zetu za Afrika Mashariki hazina mabilioni ya kugawa, kwa hiyo chombo chetu ni kodi isiyotozwa. Sheria ya Fedha ya Kenya ya 2023 iliweka pikipiki na mabasi ya umeme pamoja na betri za lithiamu katika kiwango cha sifuri cha kodi ya ongezeko la thamani. Mwaka 2025 muswada wa fedha ulipendekeza kuzihamishia kundi la bidhaa zilizosamehewa. Kwa mnunuzi haya mawili yanafanana, maana katika yote kodi haionekani kwenye risiti. Kwa mwenye kiwanda yako mbali kabisa. Chini ya kiwango cha sifuri, asilimia 16 anayolipa anaponunua fremu, viti na rangi anarudishiwa, hata kama marejesho huchelewa. Chini ya msamaha hairudishiwi, inabaki kuwa gharama yake. Kwa upande wa kodi hii, anayeingiza bandarini Mombasa pikipiki ya umeme iliyokamilika iliyosamehewa halipi kitu, na mwenye kiwanda anayenunua kiti kwa mtengenezaji wa Nairobi analipa kodi ya shilingi 16 kwa kila mia ambazo hatazipata tena.