TANURI LA KIOO: KIKULACHO KI NGUONI MWAKO

Unapokunywa soda yako wakati wa mapumziko, je, umewahi kujiuliza ile chupa ilipikwa katika chungu cha namna gani? Mimi nina mjomba aliye fundi katika kiwanda kimoja cha chupa. Kazi yake ni kulinda tanuri, hata usiku wa manane. Mengi ya haya nimeyapata kwake.

Kioo ni mchanga ulioyeyushwa. Lakini mchanga peke yake hauyeyuki mpaka joto lifike karibu digrii 1,700 za Selsiasi. Ndiyo sababu huchanganywa na mawe ya chokaa na magadi, kama yale yanayotoka Ziwa Magadi kule Kajiado. Magadi huurahisishia mchanga kuyeyuka, hivi kwamba digrii 1,500 hivi zinatosha. Balaa ni kwamba magadi hayo hayo huyala matofali ya tanuri! Matofali yenyewe si ya kujengea nyumba. Yana madini ya alumina, zirkonia na silika, nayo ni magumu ajabu. Hata hivyo, huliwa polepole mwaka baada ya mwaka, hasa kwenye mstari ule ambapo kioo, hewa na tofali hukutana.

Utauliza, mbona wasilizime walitengeneze? Tanuri kama hili huwaka mchana na usiku kwa miaka 10 hadi 15. Likizimwa, kioo huganda humo ndani nayo matofali hunywea na kupasuka. Kwa hivyo ni lazima litibiwe likiwa linawaka.

Basi mafundi huzijuaje dalili? Kwanza, hupima joto la ukuta kwa nje. Tofali likikonda, joto hupenya zaidi, na kamera maalumu ya joto huonyesha mahali palipoiva kuliko pengine. Pili, huchungulia ndani kupitia vitundu vidogo, wakiwa wamevaa miwani myeusi, ama huingiza kamera inayopozwa kwa maji. Tatu, huzikagua chupa zenyewe. Kijiwe cheupe ndani ya chupa huenda kikawa kipande cha tofali lililomomonyoka. Chupa kama hiyo haifai kuuzwa kwani yaweza kupasuka mkononi mwa mtu.

Dalili zikionekana, tiba huanza. Mahali palipokonda hupulizwa hewa baridi kwa feni kubwa ili kioo kilicho karibu na ukuta kiwe kizito na kupunguza ulaji wake. Ukuta ukikonda zaidi, hutiwa kiraka cha matofali mapya kwa nje. Na paa likitoboka je? Hapo ndipo niliposhangaa. Fundi huingiza mrija mrefu unaopuliza oksijeni pamoja na unga wa matofali uliochanganywa na unga wa silikoni au alumini. Unga huo huwaka ukifika kwenye ukuta wenye moto, ukayeyuka na kushikamana na tofali la zamani. Ati kidonda kinazibwa huku moto ukiendelea kuwaka!

Dalili zikipuuzwa, kioo hutoboa ukuta na kumiminika nje kama uji wa moto. Mafundi hukimbilia kukimwagia maji ili kigande na kuziba tundu, lakini wakati huo maisha ya watu yako hatarini, nayo ajira ya kiwanda kizima pia. Hii ndiyo sababu mjomba hulizunguka tanuri zamu baada ya zamu hata kama jana hakuona kasoro yoyote.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mafundi wa kioo, huo ukuta ukianguka huenda wasipate nafasi ya kuujenga tena. Wanafunzi wenzangu mnaopenda kemia na fizikia, kazi hiyo yawangoja.