Rangi Kuukuu Mlangoni

Ndugu wakulima wa Mbeya na Iringa, leo tuache mahindi kidogo, tutazame milango yetu. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi ili zikauke upesi na zidumu. Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978. Kwetu ziliendelea kuuzwa miaka mingi baadaye.

Rangi inapobambuka, magamba yake yana utamu kidogo. Mtoto huyaokota akala. Ndama huramba mlango wa banda, mwisho hupofuka, husaga meno, hutetemeka, akafa. Nasi twasema karogwa! Kwa mtoto dalili hazionekani upesi hivyo. Risasi humdumaza akili polepole, na akili iliyopotea hairudi.

Basi ukitaka kupaka upya, usikwangue pakavu wala usichome. Lowesha kwanza, tandika mfuko mtupu wa mbolea chini, watoto na kuku wakae mbali. Magamba yafunge humo, uyafukie mbali na kisima.

Na baridi yetu hii ya Juni, jamani, fremu kuukuu si kuni. Moshi wake una risasi, na majivu yake ndiyo tunayotia kwenye mboga.

Ukimshuku mtoto, mpeleke hospitali, ukaitaje hiyo rangi.